Barua ya Kukataliwa Fidia: Isome Upya

Nilipokataliwa fidia ya ulemavu na Idara ya Maveterani ya Marekani mwaka 2009, niliitia barua ile katika boksi la viatu nikamwambia mke wangu kwamba mambo yamekwisha. Nilikuwa nimeendesha malori ya misafara Iraq nikiwa katika Jeshi la Marekani, usingizi umenipaa, na mama yangu Mombasa akiniombea dua kwa simu. Nilipoifungua baada ya miaka 13, muda wa mwaka mmoja wa kukata rufaa ukiwa umepita zamani, niligundua kwamba sikuwahi kuielewa: haikusema kwamba siumwi, bali kwamba hakuna kumbukumbu ya shambulio nililolitaja.

Kwa hiyo namshauri mwenye barua kama hiyo aitafute kwanza sababu aliyopewa, kisha aombe nakala ya faili lake lote, kwani aliyekosa uthibitisho wa ugonjwa na aliyekosa ushahidi wa tukio kesi zao hazifanani.

Wengi wetu hukimbilia kudai kwamba uamuzi wa zamani ulikuwa na kosa la wazi, kwa kuwa dai hilo halina ukomo wa muda, na likikubaliwa malipo huhesabiwa tangu dai la kwanza. Njia hiyo ni nyembamba mno. Kevin George, aliyekuwa Marine (askari wa wanamaji wa Marekani) mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, na kukataliwa mwaka 1977, alishindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2022 kwa kura 6 dhidi ya 3, ingawa kanuni iliyomnyima fidia ilikuja kuonekana kuwa inapingana na sheria. Majaji wengi walishikilia kwamba badiliko la baadaye katika tafsiri ya sheria haliufanyi uamuzi wa zamani kuwa kosa la namna hiyo.

Lililonifaa mimi ni dai la nyongeza, yaani kuomba upya fidia ile ile iliyokataliwa, ambalo huhitaji ushahidi mpya unaohusika. Kasoro yake, na si ndogo, ni kwamba malipo kwa kawaida huanzia tarehe ya dai jipya, ila kumbukumbu za jeshi zilizokuwepo tangu awali bila kuingizwa failini zikipatikana, tarehe hiyo yaweza kurudi nyuma. Kwangu ilikuwa karatasi moja ya kumbukumbu za kikosi, yenye tarehe ya shambulio na namba ya lori langu.

Mke wangu naye aliandika maelezo yake kwa mkono. Hakutaja jina la ugonjwa wowote. Alieleza tu kwamba nalala kitini nimeuelekea mlango, viatu miguuni, na tangu mwezi gani.