Sahani yako huenda si kaure

Ndugu, umesema sahani ya bluu na nyeupe uliyonunua mnadani Bristol imemeguka ukingoni, ndani ni udongo wa kahawia hafifu, na unauliza kama ni kaure ya China na kama unaweza kuilia chakula. Kaure ikimeguka huwa nyeupe hadi ndani. Yako yaelekea ni delft ya Kiingereza, yaani chombo cha udongo wa kawaida kilichofunikwa kwa weupe, kazi iliyoletwa Norwich, Uingereza, na wafinyanzi wa Antwerp mwaka 1567. Chombo kilichomwa, kikachovywa kwenye glezi (mpako unaogeuka kama kioo ukichomwa) ya metali ya risasi iliyotiwa oksidi ya bati ili kiwe cheupe, kikachorwa glezi ingali mbichi, kikachomwa tena. Glezi mbichi hunyonya rangi papo hapo, mchoraji hawezi kufuta; ndiyo maana naipenda michoro ile. Usiitumie kwa chakula, hasa chenye ndimu: risasi ni sumu. Usiiloweke wala kuigundisha mwenyewe. Mwone mhifadhi wa vyombo vya kale.