Kuujua mstari ulioleta hitilafu katika programu ya Access

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba programu yako ya Access (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft) humtolea mteja kosa namba 94, lile la thamani tupu kuwekwa mahali isipokubalika, ilhali kwenye kompyuta yako haijawahi kukosea hata mara moja. Nilikumbana na jambo hilo hilo nilipokuwa nikitunza programu ya mikopo ya chama kimoja cha akiba, nami niliponea kwenye Erl.

Erl ni kipengele cha zamani cha VBA, lugha ya kuandikia msimbo ndani ya Access, ambacho hurudisha namba ya mstari kosa lilipotokea, mradi mistari hiyo umeipa namba wewe mwenyewe mwanzoni mwake: 10, 20, 30 na kuendelea. Mstari usio na namba ukikosea, utaletewa namba ya mwisho iliyopitwa kabla yake. Na kama hujaweka namba yoyote, utapata sifuri. Kazi ya kuweka namba inachosha, kwa hiyo nilianza na prosija (vipande vya msimbo vyenye jina na kazi yake) zinazogusa fedha tu.

Penye mtego ni katika kuhifadhi taarifa hizo. Niliandika prosija ya kuingiza kila kosa kwenye jedwali, lakini kwa siku kadhaa jedwali lilijaa rekodi zenye kosa namba sifuri na maelezo matupu. Sababu ni kwamba prosija hiyo ilianza na On Error yake yenyewe, amri ya kueleza kosa lishughulikiwe vipi, na amri hiyo, kwa namna yoyote iandikwavyo, hufuta yaliyomo ndani ya Err, mahali VBA inapoweka taarifa za kosa, kabla hujayasoma. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya kosa linaponaswa ni kuweka Err.Number, Err.Description na Erl kwenye vigeu, kisha navipitisha kwa prosija ya kuandika. Angalia pia miamala (mabadiliko ya data yanayokubaliwa au kutenguliwa yote kwa pamoja): ukiandika kosa ndani ya muamala uleule kisha ukautengua kwa Rollback, rekodi ya kosa nayo hutenguliwa, kwa hiyo tengua kwanza, ndipo uandike.

Kama una On Error Resume Next iliyotapakaa kila mahali, iondoe kabla ya yote (mimi niliirithi kwa aliyenitangulia, na sikumshukuru), kwa kuwa huruka kosa kimyakimya na kuliacha lijitokeze mbali na chanzo chake. Unapojaribu kwako, chagua Break on All Errors katika mipangilio ya kihariri cha VBA ili msimbo usimame palepale.

Kwangu jedwali lilionyesha mstari wa 140, ambapo DSum ilijumlisha marejesho ya mwanachama na jibu likawekwa kwenye kigeu cha aina ya Currency, yaani ya fedha. Mwanachama ambaye hajarejesha chochote hana rekodi, DSum humrudishia Null, yaani ile thamani tupu, na Currency haipokei Null. Katika data zangu za majaribio kila mwanachama alikuwa amekwisha kurejesha walau mara moja, ndiyo maana sikuliona kosa hilo. Niliizungushia DSum ile Nz yenye sifuri, ambayo huweka sifuri penye Null, na kosa likakoma.