Jibu: programu inahesabu seli zilizogusana kama moja

Ndugu, hilo la programu yako ya kusoma picha za damu za hadubini, kuona seli nyekundu tatu zilizogusana ikahesabu moja halafu ikasema ni selimundu (seli iliyopinda kama mundu), mi naona tatizo linaanzia kwenye slaidi, kile kioo cha damu, hata kabla ya kodi. Piga picha pale damu ilipotandazwa nyembamba, seli zimekaa mojamoja, kwenye unene zinapandana na hamna programu itakuokoa hapo. Zikigusana kidogo tu ImageJ inatosha, ni programu ya bure ya kuchakata picha, ina amri ya Watershed inayochora mstari pale zinapobanana. Halafu pima uduara, yaani eneo mara 4 mara pai, gawa kwa mzingo kipeo cha pili, duara kamili inatoa 1 na selimundu inashuka chini ya hapo, ila hata seli iliyokatwa na ukingo wa picha nayo inashuka so zitoe hizo.

Data ya kufundishia na kujaribia programu usigawe kwa picha, gawa kwa mgonjwa!! La sivyo mtu yuleyule anatokea kwenye mafunzo na kwenye majaribio, unapata asilimia tamu za usahihi ambazo ni za uongo (wengi wanajisifia hizo). Na picha isimwambie mtu ana ugonjwa, hiyo ni kazi ya kipimo cha kutambua aina ya hemoglobini.