Kwa dada wa Makete mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo

Pole dada. Umeuliza utafanyaje mazoezi na mtoto wa miaka 4 hajakaa mwenyewe na fizio (mazoezi ya viungo ya hospitali) iko mbali, nauli hamna. Mi naanzia kwenye kula maana hapo ndo pana hatari kuliko hata miguu. Usimlishe amelala hata kama amechoka, mkalishe wima kichwa kiinamie mbele kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo kidogo na umsubiri ameze, chakula kikipita njia ya hewa unakuja kupambana na nimonia na baridi la huko unalijua.

Mazoezi fanya baada ya kumwogesha maji ya vuguvugu, misuli inakuwa imelegea, ukimnyoosha na baridi asubuhi atalia tu na utamuumiza bure. Kiti mwambie fundi seremala yeyote akutengenezee cha kona, chenye mbao mbili za mgongo na kimeza mbele, apimwe mtoto mwenyewe sio kwa kukadiria. Mianzi si ipo kibao huko? Akishaweza kusimama chimbia miwili sambamba uani awe anashikilia.

Ukipata nauli ya kwenda hospitali ya Rufaa Mbeya au Njombe, omba wakufundishe wewe mazoezi, urekodi na simu. Kama anameza dawa za degedege usikatishe ghafla eti kwa sababu kuna mtu kanisani kasema kapona.

Alafu nenda kwa afisa ustawi wa jamii halmashauri, mwandikishe mtoto kama mwenye ulemavu. Mume naye alishe usiku.