Maswali na majibu: Gari la zamani, bei ya sasa

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya bei za magari ya zamani, nimechukua matano.

Marehemu baba kaniachia VW Beetle, imekaa chini ya mwembe tangu 1996. Mtu kanipa milioni moja na nusu lakini nimeona gari la zamani limeuzwa mabilioni huko nje, huyu si ananiibia? (Tanga)

Jamani hili swali linakuja kila mwezi. Hayo mabilioni uliyoona ni ya magari kama ile Mercedes 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliyouzwa 2022 kwa euro milioni 135, za aina yake zilitengenezwa mbili tu, na Ferrari 250 GTO zilitoka 36 basi. Beetle zimetengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho imetoka kiwandani Mexico 2003. Umri peke yake haulipwi na mtu. Inua siti ya nyuma pale betri inapokaa, choma sakafu kwa bisibisi, ikipenya ujue imeoza, chukua hiyo hela leo leo. Ila kama ndiyo gari baba alilokufundishia kuendesha, usiuze kwa bei yoyote.

Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ya safu tatu za viti, rangi safi kabisa, jamaa anataka milioni 12. Inafaa? (Moshi)

Rangi safi ndiyo inayonitia wasiwasi. 504 naipenda sana, imeshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na barabara ya mashimo ukiwa ndani yake unaisikia kwa mbali tu. Lakini mimi niliponunua ya kwangu niliangalia rangi na kusikiliza injini, nikalipa. Masika yalipoanza rangi ikatoa malengelenge juu ya taa ya kulia, fundi bodi akagonga kwa kidole, sauti ikawa ya ubao, akabandua puti, ile ya kuzibia matundu ya bodi, nene kama kidole gumba na nyuma yake akachomoa gazeti lililokunjwakunjwa, bati lenyewe halikuwepo. Gharama za bodi zikapita bei niliyonunulia gari zima, na muuzaji alikuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Kwa hiyo ng'oa sumaku kwenye spika mbovu, ivalishe kitambaa usikwaruze rangi, pitisha kwenye matao ya matairi, chini ya milango, kuzunguka taa. Isiposhika hapo ni puti. Injini utafungua utabadilisha ringi na pistoni maisha yaendelee, bodi iliyooza inakula hela haishibi. Na kabla hujatoa hata mia, ulizia kwanza kioo cha mbele na raba za milango zinapatikana wapi na shilingi ngapi.

Nimefuata ushauri wako wa sumaku kwenye Land Rover 109, haishiki popote. Yote puti?

Hapana, bodi yake ni alumini. Kutu tafuta kwenye chasisi, hiyo ni chuma: lala chini, gonga na nyundo ndogo kuanzia mbele mpaka zinapofungwa springi za nyuma, palipooza utasikia mlio umekufa.

Muuzaji anasema Datsun yake ilikimbia Safari enzi za Shekhar Mehta ndiyo maana ghali. (Mombasa)

Mehta alishinda 1979 mpaka 1982 mfululizo akiwa na Datsun, tangu hapo kila Datsun ya zamani eti ilikimbia. Taa nne za mbele na stika zinafungwa kwa siku moja. Mwambie alete picha za wakati ule zenye namba ya usajili inayoonekana, pamoja na kadi ya gari inayokubaliana na namba ya chasisi. Hana? Basi lipia Datsun, usilipie rali. Na ukikuta namba ya chasisi imesagwa ondoka hapo hapo, hata akikupunguzia nusu, hiyo kesi ya polisi itakuwa yako.

Nikope benki ninunue kama uwekezaji?

Usikope. Riba inatembea hata gari likiwa limepaki. Nunua kwa hela ambayo hutaikosa, halafu liendeshe kila wiki mpaka injini ipate moto sawasawa, maana likikaa tu raba zinakauka, breki zinanata na petroli inaacha gundi kwenye kabureta.