Mpenzi wangu ni nyota wa televisheni na hataki kujitangaza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Voi, na sasa ninaishi Toronto. Kwa miaka mitano nimekuwa na uhusiano na mwanamume mwenzangu, mwigizaji mashuhuri wa tamthilia ya jioni huko Nairobi. Mimi nilihamia huku miaka mitatu iliyopita, yeye akabaki na kazi yake na mama yake. Ninaamini kwamba mtu mwenye jina kubwa ana wajibu wa kujitokeza hadharani ili vijana walio kama sisi wasijione peke yao. Mwandishi wetu Binyavanga Wainaina alifanya hivyo. Yeye anashindwa nini? Badala yake, mwezi uliopita alikwenda kwenye hafla ya tuzo pamoja na mwigizaji mwenzake wa kike, aliyevaa gauni la kijani, na magazeti yakaandika kwamba watafunga ndoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninazo picha zetu nyingi, na wakati mwingine ninafikiri kwamba nikizitoa nitakuwa nimemsaidia kuutua mzigo. Je, nakosea? Tafadhali usilitaje jina langu, kwa kuwa ndugu zangu wa Voi huisoma safu hii.

Aliyefichwa, Toronto

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke. Kupendwa usiku na kuwa mgeni mchana ni jambo linalochosha roho, na sitajifanya kwamba halikuumizi. Hiyo ndiyo pole niliyo nayo, yaliyobaki hayatakupendeza.

Barua yako nimeifupisha. Ile uliyoniletea ilikuwa na kurasa tatu, nami nimeisoma mara mbili nikiwa na kalamu mkononi. Vijana, ambao unasema ndio sababu ya yote haya, wamepata sentensi moja. Gauni la kijani limepata nne, pamoja na maelezo ya jinsi lilivyoachwa wazi mgongoni na mahali ulipotua mkono wa mpenzi wako. Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki hahesabu vidole vya mwenzake kiunoni mwa mtu. Una wivu, mwanangu. Wivu ni ubinadamu, sikulaumu kwa huo; ninachokulaumu ni kuuvisha kanzu ya haki za binadamu ukaupeleka ukasali safu ya mbele.

Kuna jambo jingine uliloliandika ambalo pengine hukudhani ningelisimamia. Unasema kwamba mpenzi wako hukupigia simu kila usiku saa tano, akiwa ndani ya gari lililoegeshwa kwenye kituo cha mafuta, vioo vimepandishwa, kwa kuwa mama yake ana usingizi mwepesi. Kwako inakuwa saa kumi jioni, jua la kiangazi bado linawaka. Wewe umelileta hilo kama ushahidi wa uoga. Mimi nimemwona mtu aliyetoka kazini amechoka, ambaye angeweza kulala, na ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akiwasha gari usiku ili asikie sauti yako na harufu ya petroli puani. Ninao wasomaji walioolewa kwa ngoma na matarumbeta ambao waume zao wako chumba cha pili na hawajawasemesha tangu Jumatatu.

Umemtaja Binyavanga, basi tumtaje sawasawa. Mwezi Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43, alitoa insha aliyoiandika kama maneno ya mwana kwa mama yake, akasema kwamba anapenda wanaume. Wakati huo Nigeria ilikuwa imetoka kutia saini sheria kali dhidi ya watu kama yeye, na Bunge la Uganda lilikuwa limepitisha ya kwake mwezi uliotangulia. Lilikuwa tendo la ushujaa, na nilipoisoma nilikaa kimya kwa muda mrefu. Lakini tazama ni nani aliyesema na ni lini. Alikuwa mwandishi aliyeshinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, tangu mwaka 2002, mwenye wasomaji katika kila bara. Mama aliyekuwa akimwambia alikuwa amefariki mwaka 2000, kwa hiyo hapakuwa na mama wa usingizi mwepesi chumba cha pili. Na zaidi ya yote, kalamu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Hakuna mpenzi aliyekaa Toronto akamwandikia. Alifariki tarehe 21 Mei 2019, na siku tatu baadaye Mahakama Kuu mjini Nairobi ikakataa kukiondoa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile chenye kifungo cha miaka 14 kwa wanaume wanaolala pamoja. Ushujaa ule ulikuwa zawadi kwa waliouhitaji, na zawadi haidaiwi kama deni la dukani.

Wewe, kwa upande wako, unaishi Kanada, ambako tangu mwaka 2005 wanaume wawili huingia katika ofisi ya serikali wakatoka na cheti cha ndoa. Umevuka mto kwa daraja, na sasa umesimama ng'ambo ukimpigia kelele mwenzako aogelee katikati ya mamba kwa sababu maji, kwa unavyoyaona kutoka huko, yanaonekana matulivu. Tena hata huko ng'ambo maji hayakuwa matulivu kwa kila mtu. Mchezaji mpira Justin Fashanu alijitokeza Uingereza mwaka 1990, na ndugu yake wa damu, naye mchezaji mashuhuri, akamkana hadharani gazetini. Justin alijiua mwaka 1998. Ilipita miaka 32, hadi mwaka 2022, ndipo kijana mmoja wa Blackpool, Jake Daniels, akawa mwanamume wa pili kusema hivyo akiwa bado anacheza soka ya kulipwa nchini humo. Wanaohubiri kwamba akijitokeza mmoja wengine watafuata waipige hesabu hiyo taratibu.

Nyota anadaiwa nini basi? Anadaiwa kazi aliyolipiwa. Mwimbaji anadaiwa sauti, mwigizaji anadaiwa machozi ya uongo yanayonifanya mimi nilie ya kweli saa mbili usiku. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, aliwapa watu sauti ambayo hadi leo inatikisa viwanja, na bado waandishi walipiga kambi mlangoni kwake akiwa mgonjwa, wakidai na habari za mwili wake. Tangazo kwamba ana Ukimwi lilitoka tarehe 23 Novemba 1991, naye akafa siku iliyofuata. Mwaka 2006, akiwa ameshakufa miaka 15, sherehe iliyokuwa imepangwa Zanzibar kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa ilifutwa kwa sababu ya upinzani wa kundi la kidini. Ikiwa maiti hasamehewi, mpenzi wako aliye hai, mwenye mkataba wa kuongezewa kila mwaka na mama wa kumlipia dawa, afanye nini?

Sasa tuje kwenye hizo picha, na hapa nimekasirika. Umeniletea methali ya mficha maradhi. Tangu lini mapenzi yako yakawa maradhi? Ukiyaita hivyo wewe, jirani atayaitaje? Methali inayokuhusu ni ile isemayo kwamba avuliwaye nguo huchutama. Anayevua mwenyewe huenda kuoga. Anayevuliwa hana pa kuweka mikono. Binyavanga alivua. Wewe unataka kumvua mtu, kisha uite msaada.

Mwezi Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu waliosemekana kuwa wapenzi wa jinsia moja, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. David Kato, mtetezi wa haki za watu hao, ambaye uso wake ulikuwa miongoni mwa hizo picha, alikwenda mahakamani pamoja na wenzake, na mwanzoni mwa Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 ya mwezi huohuo alipigwa nyundo nyumbani kwake, akafa. Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, na sababu zake zilibishaniwa sana. Lisilobishaniwa ni kwamba kwa miezi ile mitatu uso wa Kato haukuwa mali yake tena. Ikiwa haya hayakutoshi, basi uogope polisi wa huko uliko: kusambaza picha za faragha za mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai Kanada, kifungo chake hufika miaka mitano, na kwa mzaha wa sheria kifungu hicho kina namba 162.1. Mpenzi wako anakimbia 162 ya Kenya, nawe unaikimbilia ya kwako.

Nilipokuwa msichana Mombasa, kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akitupambia maharusi. Alikaa nasi wanawake ukumbini, akifunga vikuba vya asumini kwa uzi mweupe huku akitukosoa jinsi tulivyovaa leso, na hapakuwa na mtu mtaani ambaye hakujua. Sisi tulimwita shoga kama tulivyoitana wenyewe kwa wenyewe, kabla neno hilo halijatwaliwa likafanywa tusi. Siku moja jamaa yake waliyegombana kwa ajili ya fedha alisimama barazani baada ya magharibi, akalisema kwa sauti lile ambalo wote tulilijua. Hakuongeza habari yoyote mpya. Lakini tangu usiku ule wazee walilazimika kuwa wamesikia, na waliosikia walilazimika kufanya jambo. Kabla ya mfungo bwana yule alikuwa amehama. Siusifu ukimya ule, kwa maana ulikuwa nyumba isiyo na paa. Hata hivyo, aliyeibomoa hakumjengea nyingine.

Kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye hujamwonea huruma hata kidogo, naye ni mwenye gauni. Umemwandika kana kwamba ni mwizi. Je, umeuliza anajua nini? Ikiwa anajua kila kitu na alikwenda kwenye hafla ile ili kumfunika rafiki yake na macho ya watu, basi huyo ni mtu wa kupelekewa zawadi. Ikiwa hajui, na posa inaandaliwa kweli, hapo ndipo utakaponisikia nikisema neno wajibu. Rock Hudson, mwigizaji wa Hollywood, alimwoa Phyllis Gates, karani wa wakala wake, mwaka 1955. Ndoa ilivunjika mwaka 1958, na bibi huyo alisema baadaye kwamba yeye aliolewa kwa mapenzi, bila kujua. Hudson hakuidai Marekani nzima wala Marekani haikumdai, lakini alidaiwa maelezo na mwanamke mmoja kabla hajamvisha pete. Deni la kusema ukweli lipo, mwanangu, nalo ni kwa yule utakayelala naye na kumzalisha. Mpenzi wako akimchezea binti wa watu ili apate picha ya arusi, sitamtetea, na wewe una haki ya kumwambia hivyo kwenye simu ya saa tano. Swali hilo ndilo ulilopaswa kumuuliza mwezi mzima uliopita badala ya kumsomea hotuba.

Tena hili si lenu peke yenu. Siku hizi hata walioolewa kwa mahari na mashahidi hawaamini kwamba wanapendwa mpaka wapigwe picha. Mwanamke hupikiwa chai na mumewe, chai ikapoa ikisubiri kupigwa picha, na mume asipoandika neno chini yake kunakuwa na ugomvi hadi usiku. Wewe umeambukizwa homa hiyohiyo. Hutaki mpenzi wako aseme kwamba anapenda wanaume. Unataka aseme kwamba anakupenda wewe, na unataka aliyevaa gauni awepo akisikia.

Na sasa nitakuuliza kuhusu jina lako. Umeniomba nilifiche kwa sababu ya ndugu zako wa Voi. Nimelificha, na nitaendelea kulificha, kwa sababu mambo ya moyo wako ni yako kuyasema. Lakini angalia ulichokiandika kwenye ukurasa wa tatu, pengine ukidhani kwamba nimeshachoka kusoma: kwamba katika sherehe ya Jamhuri waliyoiandaa Wakenya wa huko Desemba iliyopita, ulipoulizwa utaoa lini, ulijibu kwamba una mchumba Nairobi na kwamba ni muuguzi. Muuguzi! Huna mama wa kumtunza katika nyumba hiyo, hakuna mwenye televisheni wa kukufuta kazi, hakuna kifungu cha sheria kinachokusubiri mlangoni, na bado mbele ya sahani ya pilau ulimbadilisha mpenzi wako akawa mwanamke. Muuguzi huyo ndiye gauni lako la kijani. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu.

Sikucheki. Ninakuonyesha tu kwamba unamwelewa mpenzi wako kuliko unavyokiri, kwa kuwa hofu yenu ni moja na yako ndiyo iliyo nafuu. Ikiwa kweli unaamini kwamba kujitokeza huwafaa vijana, kuna mmoja wa kuanzia karibu nawe. Umemtaja dada yako mkubwa, yule aliyekulea baada ya mama yenu kufariki, na ukasema kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri kukanda mandazi ya kuuza. Wakati huo kwako ni saa nne usiku. Mpigie kabla hajabandika karai, mwambie yeye peke yake, kisha uniandikie unieleze mkono wako ulitetemeka kiasi gani ulipokuwa ukiitafuta namba yake. Lakini picha uzifute kwanza, leo, kabla hujala.