Feni ya kadi ya michoro imekufa: ninunue kipoozeo kipya?

Swali: Nina GTX 1070 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Feni moja kati ya mbili haizunguki, na nikicheza gemu joto linapanda hadi nyuzi 83, kisha gemu linaanza kukwama. Nimeshauriwa nitoe kipoozeo chote nifunge Raijintek Morpheus au Arctic Accelero. Nichukue kipi?

Jibu: Kwanza usinunue chochote. Kadi hii inakula takriban wati 150, na hitisinki iliyotoka nayo kiwandani (chuma chenye mapezi kinachofyonza joto la chipu) inaumudu moto huo vizuri. Kilichokufa ni feni. Nyuzi 83 ndicho kikomo kilichowekwa na Nvidia kwa kadi hiyo: ikifika hapo inajipunguzia kasi, ndiyo maana gemu linakwama.

Ng'oa kifuniko cha plastiki pamoja na feni zake, ubakize hitisinki. Ifute vumbi kwa brashi laini, kisha funga juu yake feni mbili za kompyuta za milimita 120 kwa mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya. Upepo uelekee kwenye hitisinki. Upande wa feni wenye mikono inayoshika mota ndio unaotoa upepo, kwa hiyo huo ndio uelekee hitisinki. Feni hizo zina unene wa milimita 25, kwa hiyo kadi itameza nafasi ya sloti (sehemu za kuchomekea kadi) tatu hivi. Angalia kama kuna kadi nyingine chini yake.

Plagi ya feni kwenye kadi ni ndogo kuliko ya kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), ingawa zote zina pini nne. Tafuta waya wa kuunganishia wa saizi hizo mbili ili kadi iendelee kuziamuru feni. Ukizichomeka kwenye madabodi, kwa kawaida zitafuata joto la prosesa, na kadi itapata moto huku feni zikizunguka polepole. Hapo ziwekee kasi moja isiyobadilika.

Ukiwa umeifungua, toa na hitisinki ubadilishe pesti ya joto, ile dawa inayopitisha joto kati ya chipu na hitisinki. Futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili, paka mpya ifunike uso wote wa chipu, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo. Chipu ya kadi haina bati la kuikinga kama prosesa. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kona inaweza kumeguka, na kadi imekwisha.

Ukiamua kununua kipoozeo hata hivyo, pima umbali wa katikati ya tundu hadi katikati ya tundu kwenye yale manne yanayoizunguka chipu, ulinganishe na orodha ya mtengenezaji. Milimita chache zikipishana, skrubu haziingii. Morpheus II ina mirija 12 ya kusafirisha joto lakini huuzwa bila feni, hivyo piga hesabu ya feni pia. Accelero Xtreme III hutumia vihitisinki vya kugandisha kwa gundi juu ya chipu za memori. Gundi hiyo ikishakauka, kuvibandua ni kubahatisha.

Wengi huumizwa na memori, pamoja na saketi ya kugawa umeme. Wanaona chipu kuu ina nyuzi 60, wanafurahi, kumbe pembeni panapikika. GTX 1070 ina chipu 8 za memori, na programu kama GPU-Z haikuonyeshi joto lake. Zote zinahitaji pedi (kipande laini cha kupitisha joto) au kihitisinki. Unene wa pedi uwe uleule wa mwanzo: ikiwa nene mno, hitisinki inanyanyuka na kuachana na chipu kuu, ikiwa nyembamba, memori haiguswi.

Ukimaliza, endesha gemu zito kwa dakika 20, kasha likiwa limefungwa. Nukta za rangi au michirizi ikitokea kwenye skrini wakati chipu kuu bado ina joto la chini, zima kompyuta mara moja, ufungue tena ukague pedi za memori.